Wafanyakazi Walisema Mapema

*Vyuo vikuu vya Houston na Dallas–Fort Worth vinatoa wabobezi wa tabia za watu kazini. Nje ya darasa linawasubiri swali zito: mfanyakazi akishaulizwa na kujibu, nani anawajibika kutenda?*

Mchana wa tarehe 23 Machi 2005, kundi la wafanyakazi wa mkandarasi lilirudi kwenye nyumba za magurudumu zilizokuwa ofisi zao ndani ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, kusini-mashariki mwa Houston. Walikuwa wametoka kula chakula cha pamoja cha kupongezana. Mwezi mzima ulikuwa umepita bila mwenzao yeyote kuumia kiasi cha kukosa siku ya kazi.

Mita kama 40 kutoka hapo, mtambo mmoja ulikuwa unawashwa upya baada ya matengenezo. Mnara wake, wenye urefu unaozidi mita 50, ulikuwa umejaa kimiminika kupita kiasi, huku kipimo cha chumba cha udhibiti kikionyesha kwamba kina kinashuka. Watu wa kwenye nyumba zile hawakuambiwa kuwa mtambo unawashwa. Saa 7:20 mchana mafuta yalifurika, mvuke wake ukatanda ardhini na kushika moto. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Wote 15 walikuwa watu wa makandarasi.

Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilichunguza kwa miaka miwili. Ripoti yake ya Machi 2007 haikuishia kwenye vali na kengele. Ilimtaja mwendeshaji wa mitambo aliyekuwa amefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo. Ilitaja agizo la kupunguza gharama za kudumu kwa asilimia 25, lililotolewa baada ya BP kuungana na Amoco. Ilihesabu vifo 23 vilivyotokea kiwandani hapo katika miaka 30 kabla ya mlipuko.

Ndani ya ripoti hiyo mna jambo linaloumiza kuliko hayo yote. Wafanyakazi walikuwa wameulizwa.

Mwishoni mwa 2004 uongozi wa kiwanda uliwaajiri washauri wa kampuni ya Telos wapime hali ya usalama. Walihoji watu, wakapokea hojaji, wakakabidhi ripoti Januari 2005. Ndani yake wafanyakazi walieleza hofu kubwa kwamba janga linakuja, na wakasema kinachotuzwa pale kuliko kitu kingine ni uzalishaji na kubana bajeti. Miezi miwili baadaye janga lilikuja.

▪ Ripoti ya hofu ya wafanyakazi ilikabidhiwa Januari. Mlipuko ulitokea Machi.

Naanzia Texas City kwa sababu pale kisingizio cha kutojua hakipo. Maarifa yalikuwepo, yamekusanywa kwa mbinu zilezile zinazofundishwa leo katika shahada ya uzamivu ya saikolojia ya kazi na taasisi, fani inayochunguza tabia za watu kazini na ustawi wa vyombo wanavyovitumikia. Anayetaka kuisomea katika ukanda huu wa Texas, na vijana wetu wanaotaka ni wengi, inafaa ajue anaingia kwenye ugomvi wa namna gani.

Shahada yenyewe

Houston ina vyuo viwili vyenye programu ya uzamivu katika saikolojia ya kazi na taasisi: Chuo Kikuu cha Houston, ambacho ni cha umma, na Rice, ambacho ni cha binafsi. Mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, kaskazini-magharibi, kuna Texas A&M. Upande wa Dallas–Fort Worth, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Arlington na kile cha Dallas vinafundisha tabia za taasisi zaidi kupitia vitivo vya biashara na menejimenti.

Safari huchukua miaka minne au mitano, na mara nyingi zaidi. Mwaka wa kwanza na wa pili ni takwimu, takwimu, na takwimu tena, pamoja na nadharia za motisha, uongozi, upimaji na uteuzi wa watumishi. Kisha huja mtihani mkuu, halafu tasnifu. Katika programu za utafiti mwanafunzi hufutiwa ada na kupewa posho, naye hulipa kwa kufundisha na kufanya kazi katika maabara ya msimamizi wake. Ziko pia programu za kitaaluma zinazosomwa jioni au mtandaoni, ambako mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Mwombaji asichanganye aina hizi mbili, kwa maana deni la aina ya pili huweza kumfuata mtu hadi uzeeni.

Jina moja linaunganisha miji hii miwili. James Campbell Quick alisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Houston, akaenda kufundisha Arlington kwa miongo mingi. Mwaka 1984, pamoja na Jonathan Quick ambaye ni tabibu wa afya ya jamii, alichapisha kitabu kilichochukua hekima ya kuzuia magonjwa na kuiingiza ofisini. Hoja yao ilikuwa ya kitabibu kabisa. Msongo wa kazi una kinga ya ngazi tatu: ya kwanza ni kurekebisha kazi yenyewe, ya pili kumpa mtu uwezo wa kuihimili, ya tatu kumtibu aliyekwisha kuumia. Mwaka 1996 Quick akawa mhariri mwanzilishi wa jarida la saikolojia ya afya kazini, na taaluma hiyo ikapata ukumbi wake.

Wengi waliokuja baadaye walizishika ngazi ya pili na ya tatu, wakaiacha ya kwanza. Hapo ndipo ugomvi ulipo, na nitaurudia.

Tumbo la bandia dukani

Kwanza msomaji aone jinsi utafiti huu unavyofanyika ukifanywa vizuri, kwa sababu wengi hudhani ni kugawa hojaji na kuchora chati.

Mwaka 2007 Mikki Hebl, profesa wa Rice, na wenzake akiwemo Eden King, ambaye uzamivu wake ni wa chuo hichohicho, walichapisha jaribio lao la madukani. Wanawake waliingia dukani, mara wakiwa kama walivyo, mara wakiwa wamevaa tumbo la bandia la ujauzito. Wengine walijifanya wateja. Wengine waliulizia nafasi ya kazi. Tabia za wauzaji zilirekodiwa na kupimwa.

Mjamzito aliyekuja kununua alipokewa kwa wema uliopitiliza: maneno matamu, hata kuguswaguswa. Mjamzito aliyekuja kuomba kazi alikutana na ukali na utovu wa adabu kuliko mwombaji asiye na mimba. Jamii inampenda mjamzito akikaa pale inapomtaka akae. Akitoka hapo, inamwadhibu kwa uso, kwa sauti, kwa kukatisha mazungumzo.

Ubaguzi wa namna hii haujazwi kwenye fomu yoyote. Mwanasheria hauoni. Aliyefanyiwa hutoka dukani akijiuliza kama ni yeye mwenye tatizo. Thamani ya utafiti ule ni kwamba uliugeuza kuwa kitu kinachohesabika. Eden King baadaye alirudi Rice kama profesa na akaja kukiongoza chama cha wanasaikolojia wa fani hii nchini Marekani.

Siku hizi mazingira yamebadilika. Sheria ya Texas iliyoanza kutumika Januari 2024 ilifunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma. Imeacha nje utafiti na ufundishaji, kwa hiyo mwanafunzi wa uzamivu bado anaweza kuchunguza ubaguzi kazini. Lakini chuo cha umma kilichofunga ofisi ya kushughulikia jambo na kubakisha haki ya kulichunguza kinamweka mtafiti mahali pagumu: anaruhusiwa kupima, na chini ya paa lake mwenyewe hakuna dawati la kupokea majibu yake.

Barua pepe isiyotumwa

Houston ina somo jingine, nalo linahusu ukimya.

Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliruka. Sekunde 82 baadaye kipande cha sponji ya kukinga joto kilichomoka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Katika Kituo cha Anga cha Johnson, mhandisi Rodney Rocha na wenzake walitaka zipigwe picha za bawa kutoka angani ili uharibifu ujulikane. Maombi yakafia njiani. Rocha aliandika barua pepe yenye maneno mazito, akamwonyesha mwenzake, na hakuituma kwa wakubwa. Alieleza baadaye kwamba alijiona yuko chini mno kupaza sauti mbele ya mkuu wa safari hiyo ya anga.

Tarehe 1 Februari Columbia ilivunjika juu ya Texas na wanaanga wote saba wakafa. Bodi ya uchunguzi iliyoandika ripoti yake Agosti mwaka huo ilisema utamaduni wa taasisi ulichangia ajali sawasawa na kile kipande cha sponji.

Rocha alikuwa na elimu, cheo na miaka mingi ya kazi. Ikiwa mtu wa namna hiyo aliishika barua yake mkononi, tumfikirie msaidizi wa muuguzi aliyeingia nchini mwaka jana, ambaye ruhusa yake ya kufanya kazi inakaribia kwisha na ambaye msimamizi wake ndiye anayepanga zamu.

Amy Edmondson wa Harvard aliuchunguza ukimya huu kwa muda mrefu. Katika hospitali alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yake yalikuwa kwamba makosa yapo kote, ila kwenye timu njema watu hawaogopi kuyataja. Mwaka 1999 aliipa hali hiyo ufafanuzi wa kitaaluma, nao leo uko katika mitaala mingi ya uzamivu ya fani hii: imani ya wanatimu kwamba mtu hataadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kusema.

▪ Chati safi ya makosa huweza kuwa dalili ya watu walionyamaza.

Yoga au zamu?

Sasa ugomvi wenyewe.

Kambi moja inaamini ustawi hujengwa ndani ya mtu. Mwajiri anunue programu ya simu ya kutuliza akili, alete mwalimu wa yoga saa ya chakula cha mchana, afundishe ustahimilivu, afungue laini ya ushauri nasaha. Watetezi wake wana hoja zao, na si hoja za kubezwa. Msaada huo ni wa haraka, hauhitaji kuvunja mfumo mzima wa kazi, na mtu aliye katika majonzi leo hawezi kungoja mageuzi ya mwakani. Laini ya ushauri imeokoa watu.

Kambi ya pili inasema dawa iko kwenye kazi: idadi ya watu katika zamu, saa za kupumzika, uwezo wa mfanyakazi kuamua jinsi ya kutekeleza kazi yake. Mwaka 1979 Robert Karasek alionyesha kwamba kinachomchosha mtu hadi kumvunja ni mzigo mkubwa ukichanganyika na kukosa kauli.  Vikikutana, huangusha.

Takwimu za miaka ya karibuni zinaielemea kambi ya kwanza. Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wafanyakazi karibu 5,000 wa Chuo Kikuu cha Illinois, wengine wakaingizwa katika mpango wa afya na wengine wakaachwa. Matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuonyesha mabadiliko ya maana katika afya wala gharama za matibabu. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Walioshiriki katika mafunzo ya ustahimilivu, programu za simu na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kilichoonyesha dalili njema kilikuwa kimoja tu: kupewa nafasi ya kufanya kazi za kujitolea.

Mimi nasimama na kambi ya pili, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mtu aliyefanya kazi siku 29 mfululizo hahitaji kufundishwa kupumua. Anahitaji siku ya thelathini apumzike, na awepo mwenzake wa kumpokea.

Ipo kazi moja ya Texas inayoonyesha kwamba hata kambi hizi mbili zinaweza kukutana. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliamua kuifunga kambi ya jeshi la anga ya Kelly, San Antonio. Zaidi ya ajira 10,000 zilikuwa zinaondoka. Makamanda waliogopa watu kujiua na hata kuuana. Joyce Adkins, mwanasaikolojia wa jeshi hilo, aliwekwa ndani ya uongozi wenyewe, akishiriki katika kupanga ratiba ya ufungaji, taarifa zinazotolewa na msaada kwa idara zilizoelemewa zaidi. Yeye na Quick waliandika baadaye kwamba miaka ile ilipita bila mauaji kazini, na waliojiua walikuwa wachache ukilinganisha na kiwango cha jeshi la anga kwa ujumla.

Kelly na Texas City zote ziliwaita wataalamu. Tofauti ilikuwa kiti walichokalia. Adkins alikaa pale maamuzi yanapofanywa. Washauri wa Texas City walikabidhi ripoti na kuondoka.

Wabeba boksi hawamo kwenye sampuli

Nenda Arlington, Grand Prairie au Irving, au kusini-magharibi mwa Houston, ukae nje ya makao ya wazee saa moja asubuhi, zamu zinapobadilishana. Utasikia Kiswahili cha Nairobi, cha Dar es Salaam, cha Bukavu. Wengine walikuja kwa masomo, wengine kwa bahati nasibu ya viza, na Wakongo wengi walifika kama wakimbizi baada ya miaka kambini. Huko nyumbani bado tunawaita wabeba boksi, lakini kazi iliyowapokea wengi wao ni ya kuwageuza wagonjwa kitandani, kuwaogesha, kuwalisha na kuwabadilisha nguo wazee wa watu wengine.

Kila mwenye kazi hii anaijua simu hii. Zamu imebakiza nusu saa, msimamizi anapiga: mwenzako hajafika, tafadhali baki hadi saa tano za usiku. Ukibaki, utapata nyongeza, na ndugu nyumbani watapelekewa ada ya shule. Ukikataa, wiki ijayo saa zako zinaweza kupungua. Hakuna aliyekulazimisha. Kima cha chini cha mshahara Texas ni kile cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Hata anayelipwa mara mbili ya hapo, kodi ya nyumba ya Dallas humrudisha palepale kwenye zamu ya pili. Na sheria za Texas hazimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kukata bima ya fidia kwa wafanyakazi wake, kwa hiyo mgongo ukiteguka wakati wa kumnyanyua mzee, njia ya kudai hutegemea uamuzi aliokwisha kuufanya mwajiri.

Watu hawa ndio utafiti wa ustawi ulipaswa kuanza nao. Lakini hojaji hutumwa kwenye barua pepe ya kazini, kwa Kiingereza, kwa waajiriwa wa kudumu. Anayetumwa na wakala leo huku kesho kule hana anwani hiyo. Aliyepata alama ya chini ya Kiingereza atajibu kile anachodhani wanataka. Na mwenye hofu ya hati zake hataamini kamwe kwamba majibu ni ya siri, hata akiapiwa.

Ndiyo maana nilisisitiza kwamba wote waliokufa Texas City walikuwa watu wa makandarasi. Waliopata hasara kubwa kuliko wote hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya aliyeagiza utafiti.

▪ Anayetumwa na wakala leo huku kesho kule hana barua pepe ya kazini, na hojaji hutumwa huko.

Pale sheria inapoguswa

Suala la idadi ya watu katika zamu lilifika serikalini. Aprili 2024 serikali ya shirikisho ilitangaza kanuni: kila makao ya wazee yanayopokea fedha za umma yawe na wauguzi na wasaidizi wa kutosha kumpa kila mkazi saa 3.48 za huduma kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24.

Wenye makao walipinga, nao walikuwa na hesabu mkononi. Serikali yenyewe ilikadiria gharama ya dola bilioni 43 kwa miaka 10. Vyama vyao vilisema wauguzi hawapatikani, hasa vijijini, na kwamba makao yatafungwa na wazee kubaki bila mahali pa kwenda. Watetezi wa wazee na vyama vya wafanyakazi walijibu kwamba watu hawapatikani kwa sababu kazi hiyo inawavunja wanaoifanya, na haiwezekani kutibu upungufu kwa kuwaongezea mzigo waliobaki.

Vyama vya wenye makao, cha taifa na cha Texas, vilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Texas Kaskazini. Aprili 2025 Jaji Matthew Kacsmaryk wa Amarillo aliifuta kanuni, akisema wakala wa serikali amevuka mamlaka aliyopewa na Bunge. Julai mwaka huohuo Bunge lenyewe likapitisha sheria iliyozuia utekelezaji wake hadi 2034.

Dallas ina mfano wake. Mwaka 2015, baada ya kijana wa ujenzi katika eneo hilo kufa kwa joto kali, baraza la jiji lilipitisha amri kwamba fundi wa ujenzi apewe dakika 10 za mapumziko kwa kila saa nne za kazi. Dakika 10 tu! Mwaka 2023 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria ya jimbo inayoinyima miji mamlaka ya kuweka kanuni kama hizo. Waungaji mkono walisema biashara haiwezi kufuata amri tofauti katika kila jiji na kwamba usalama kazini tayari una sheria za shirikisho. Wapinzani waliuliza ni kifungu gani cha shirikisho kinachotamka dakika za kunywa maji. Miji ya Houston, San Antonio na El Paso ikaenda mahakamani.

Mtafiti wa tabia kazini hawezi kukaa kando ya haya akidai yeye ni mtu wa takwimu. Data yake ndiyo itakayosomwa na pande zote mbili. Wenye makao wanahitaji ushahidi kwamba wachache wanatosha. Wafanyakazi wanahitaji ushahidi kwamba hawatoshi. Ni kweli kwamba mtafiti anayeegemea upande kabla ya kupima ataharibu kazi yake. Lakini anayeamua kutopima kabisa, kwa kuwa aliyefadhili hakuuliza, naye amekwisha kuegemea.

Tulikuwa na kifungu chetu

Sisi si wageni wa mjadala huu. Februari 1971 TANU, chama tawala cha Tanzania wakati huo, ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Meneja mwenye kutukana alifungiwa lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika mbali zaidi, wakakishika kiwanda na kukiendesha wao wenyewe.

Wasomi Issa Shivji na Pascal Mihyo waliyaandika matukio hayo, na nawasihi vijana wanaokwenda Texas kusomea fani hii wayasome kabla ya kupanda ndege. Watakuta humo malalamiko ambayo nadharia za Marekani zimeyapa majina baadaye: kudharauliwa, kutosikilizwa, kupangiwa bila kuulizwa. Tena watakuta jambo ambalo vitabu vingi vya fani hiyo hulipita haraka. Wafanyakazi wale hawakungoja kupimwa. Walikuwa na maandishi ya kuyaelekezea kidole, yenye mamlaka kuliko meneja, na hayo ndiyo yaliyowapa sauti.

Pande zote zina cha kujifunza hapa. Maandishi bila vipimo huishia kwenye hasira. Migomo mingi ya miaka ile ilizimwa na walioiongoza wakaondolewa kazini. Vipimo bila maandishi huishia kabatini, kama pale Texas City.

Kwa anayejaza fomu

Maombi ya programu nyingi za uzamivu Marekani hufungwa kati ya Novemba na Januari. Kila programu huchukua wanafunzi wachache, na uamuzi hutegemea kama kuna profesa ambaye utafiti wake unalingana na wa mwombaji. Kwa hiyo msomaji mwenye nia amwandikie profesa mapema, aeleze swali moja analolitaka, na aonyeshe kwamba amesoma kazi zake.

Mwombaji anayejua Kiswahili ana kitu ambacho maabara nyingi za Houston na Arlington hazina. Anaweza kukaa na wasaidizi wa wauguzi wa Grand Prairie baada ya ibada ya Jumapili, akauliza kwa lugha wanayoitumia kulalamika, akatofautisha uchovu wa mwili na kile watu wetu wanachokiita kuchoka roho. Anaweza kuijaribu hojaji ya Kiswahili kama inapima kitu kilekile inachopima kwa Kiingereza. Hiyo peke yake ni tasnifu nzima, na bado ina nafasi ya wengi.

Kabla ya kusaini makubaliano yoyote na hospitali, wakala au kampuni itakayotoa data, amwombe msimamizi wake mambo mawili yawekwe kwenye maandishi. La kwanza, watu wa wakala na wa mkandarasi wahesabiwe pamoja na waajiriwa. La pili, matokeo yarudishwe kwa waliojibu, kwa lugha yao, siku ileile yanapokabidhiwa kwa mwajiri. Kampuni itakayokataa la pili imekwisha kumpa data ya kwanza ya tasnifu yake.